Karatasi Tatu Zilizokatwa Kwenye Daftari

Mwaka 1966 profesa Aziz Atiya, Mkopti mzaliwa wa Misri aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Utah, alikuwa akipekua hazina ya jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York kwa ajili ya utafiti wake mwenyewe, alipokutana na kipande cha mafunjo, karatasi ya kale ya Wamisri, chenye mchoro alioufahamu. Hakuwa Mmormoni, lakini aliishi kati yao, na mchoro ule alikwishauona umechapishwa ndani ya maandiko yao matakatifu: mtu amelala chali juu ya kitanda chenye umbo la simba, na mwingine amesimama kando yake. Pamoja na vipande vile palikuwa na hati ya mauzo ya mwaka 1856 yenye saini ya Emma, mjane wa Joseph Smith, nabii na mwanzilishi wa dini hiyo. Kwa muda mrefu Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita kanisa la Wamormoni, liliamini kwamba mafunjo hayo yaliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Novemba 1967 jumba la makumbusho likalikabidhi kanisa vipande hivyo, na makabidhiano yakawa jambo la furaha.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Julai 1835 mfanyabiashara aliyeitwa Michael Chandler alifika Kirtland, Ohio, akiwa na maiti nne za kale za Kimisri (zile ambazo neno letu la mumiani lina undugu nazo) pamoja na hati kadhaa za mafunjo. Joseph Smith, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alizitazama hati hizo akatangaza kwamba moja ina maandishi ya Ibrahimu na nyingine ya Yusufu. Maiti na hati zikanunuliwa kwa dola 2,400, fedha nyingi mno kwa jumuiya iliyokuwa ikijenga hekalu kwa taabu. Mtaalamu wa Kifaransa Champollion alikwishatangaza mwaka 1822 jinsi ya kusoma hieroglifu, maandishi ya kale ya Wamisri, lakini elimu hiyo ilikuwa bado Ulaya, na katika mji mdogo wa Ohio hapakuwa na mtu wa kumwambia Smith kwamba anakosea. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1842 ikiwa na maelezo kwamba ni maandishi ya Ibrahimu mwenyewe, ya mkono wake, juu ya mafunjo. Leo ni sehemu ya Lulu ya Thamani Kuu, kimojawapo cha vitabu vya maandiko vya kanisa hilo.

Wataalamu wa Kimisri walipovisoma vipande vilivyorudi, wale waumini na wale wasio waumini, walikuta maandiko ya maziko. Yako yaliyotoka katika Kitabu cha Wafu, na yako ya Kitabu cha Pumzi kilichoandikwa kwa ajili ya kuhani wa Thebes aliyeitwa Hor, zaidi ya miaka elfu moja baada ya zama anazowekwa Ibrahimu. Jina la Ibrahimu halimo. Yule mtu juu ya kitanda cha simba, ambaye kwa maelezo ya Smith ni Ibrahimu akikaribia kutolewa kafara na kuhani wa sanamu, ni marehemu anayeandaliwa kwa ufufuo. Hapo ndipo inapofaa mtu akitazame kipande chenyewe kwa karibu. Mafunjo yamebanduka mahali ambapo kichwa cha yule aliyesimama kingekuwa, na juu ya karatasi iliyobandikwa nyuma yake mtu fulani amechora kwa kalamu ya risasi kichwa cha binadamu kujaza pengo. Kwa kawaida ya Wamisri, mahali pale pangekuwa na kichwa cha mbweha, yaani mungu Anubis. Nyuma ya karatasi hizo za kubandikia mna michoro ya hekalu na ramani za eneo la Kirtland, hivyo hakuna awezaye kudai kwamba hizi ni hati nyingine zisizohusika. Katika mchoro wa tatu wa kitabu hicho hicho, umbo ambalo Smith alilitaja kuwa ni Farao ni mungu wa kike Isis, na maandishi yaliyo juu ya kichwa chake yanamtaja kwa jina.

Si kwamba hayo yalikuwa siri hadi mwaka 1967. Mwaka 1912 Franklin Spalding, askofu wa Kianglikana wa Utah, alikusanya maoni ya wataalamu wa wakati wake kuhusu michoro iliyochapishwa, nao wote waliikataa tafsiri ya Smith. Kilichobadilika ni kwamba sasa asili ilikuwa mezani. Mwaka 2014 kanisa lenyewe, katika makala rasmi, lilikiri kwamba wanazuoni wake na wa nje wanakubaliana kuwa maandishi ya vipande hivyo hayalingani na kitabu cha Ibrahimu. Ilipendekezwa pale kwamba huenda hati nyingine, iliyopotea, ndiyo iliyokuwa na maneno ya Ibrahimu, au kwamba mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha ufunuo. Pendekezo la pili lina heshima yake kiteolojia, ila lina kasoro moja kubwa: si alichokisema Smith.

Katika kueleza kwa nini baadhi ya Wamormoni hupoteza imani, nimeanza na mafunjo, na si na ndoa za mitala ambazo ndizo watu hupenda kuzizungumzia, kwa sababu hapa ndipo mahali pekee katika dini nzima ambapo dai la tafsiri linaweza kupimwa kwa kuweka nakala na asili bega kwa bega. Mabamba ya dhahabu ambayo Kitabu cha Mormoni, andiko kuu la dini hii ambalo Smith alisema amelitafsiri, kinasemwa kutoka humo yalirudishwa kwa malaika. Huwezi kuyapima. Mafunjo yapo Salt Lake City, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa lugha ya Kimisri anaweza kuyasoma. Muumini aliyejenga ushuhuda wake juu ya uwezo wa Joseph Smith wa kusoma lugha zilizokufa hukuta kwamba, pale uwezo huo unapoweza kukaguliwa, haupo. Na swali linalofuata halihitaji kuulizwa na mpinzani yeyote, kwa maana linajiuliza lenyewe usiku.

Dini nyingi hazina tatizo hili kwa kiwango hiki, na si kwa sababu zina ushahidi bora. Zina umri. Musa hakuacha risiti. Umormoni ulizaliwa katika nchi ya magazeti, mahakama za kaunti, daftari za madeni na barua zilizotumwa kwa posta, na nabii wake alikuwa na makarani. Kanisa lenyewe limechapisha hati hizo kwa wingi katika mradi wa Karatasi za Joseph Smith, ambao majalada yake yalitoka kuanzia mwaka 2008 hadi 2023, kazi ya kitaalamu ambayo hata mkosoaji mkali anaiheshimu. Zaidi ya hayo, viongozi wake hawakukimbilia kusema kwamba simulizi za mwanzo ni mafumbo. Gordon B. Hinckley, aliyekuwa Rais wa Kanisa, aliwaambia waumini mwaka 2002 kwamba nguvu yao yote inasimama juu ya Ono la Kwanza, yaani habari ya Smith kutokewa na Mungu akiwa kijana: ama lilitokea ama halikutokea, na kama halikutokea, basi kazi hii ni ulaghai. Sijui dini nyingine ambayo kiongozi wake mkuu amekubali kuweka rehani kubwa namna hiyo hadharani.

Hata hivyo mwongofu hafundishwi kupima kwa hati. Hufundishwa kupima kwa sala. Wamisionari humfungulia sura ya mwisho ya Kitabu cha Mormoni, ile ya kumi ya Moroni, yenye ahadi kwamba atakayeuliza kwa moyo wa kweli ataonyeshwa ukweli kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, naye akisikia joto moyoni huambiwa kwamba amepata jibu. Kuna mpishano hapa ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha jambo zima. Dai lenyewe ni la aina ya mambo yanayothibitishwa kwa karatasi na mashahidi: kwamba mtu fulani, mwaka fulani, alifukua kitu fulani katika kilima fulani. Kesi ikafunguliwa katika baraza la moyo. Siku muumini atakapoihamishia kwenye baraza la pili, lile la hati, kwa udadisi tu au kwa kutaka kuwajibu wapinzani, hukuta kwamba hukumu ya kwanza haitambuliki kule. Na wengi waliopoteza imani walianza hivyo hivyo, wakiandaa majibu ya kuitetea.

Lichukuliwe Ono la Kwanza lenyewe. Toleo linalofundishwa liliandikwa mwaka 1838: kijana wa miaka 14, msituni karibu na Palmyra, New York, anauliza kanisa lipi ni la kweli, anatokewa na viumbe wawili, Baba na Mwana, naye anaambiwa asijiunge na lolote. Lakini kuna toleo la mwaka 1832, la kwanza kabisa, na sehemu ya ono imo kwa mwandiko wa Smith mwenyewe. Humo anatokewa na Bwana, ambaye anajitambulisha kuwa ndiye aliyesulubiwa. Baba hatajwi kutokea. Umri ni tofauti. Kiu yake ni msamaha wa dhambi, na anasema alikwishatambua kwa kusoma Biblia kwamba makanisa yote yamepotoka, ilhali katika toleo la 1838 anasema wazo hilo halikuwahi kumwingia moyoni.

Wapo wanaosema kwamba mtu akisimulia jambo kubwa mara nne katika miaka kumi, ni lazima masimulizi yatofautiane, nami nakubali. Wazee wetu hawasimulii safari moja kwa maneno yale yale, wala hatuwaiti waongo. Ningekuwa hakimu, tofauti hizo peke yake zisingenitosha kumtia mtu hatiani. Kinachonizuia kuliacha jambo hapo ni hali ya daftari. Karatasi tatu zenye historia ya 1832 zilikatwa kutoka katika daftari la barua zilimokuwamo, na mkato unaonekana. Umma haukuzijua hadi mwaka 1965, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Brigham Young alipoyaweka maneno hayo katika tasnifu yake. Mwenye kutofautisha simulizi zake ni binadamu. Mwenye kukata karatasi amekwisha kuamua kwa niaba ya wengine nini wasijue.

Nasisitiza hili kwa sababu maelezo ya kawaida ya kwa nini watu huondoka, yanayosemwa mimbarani, ni kwamba walikwazwa na jirani, au walitaka kutenda dhambi, au hawakusali vya kutosha. Ukisikiliza wanayoyaeleza wenyewe, tukio lenyewe kwa kawaida si baya sana kama ugunduzi kwamba wakubwa walilijua. Jiwe ni mfano mzuri. Mwaka 1822 Joseph Smith alipata jiwe la rangi ya chokoleti wakati wa kuchimba kisima kwa jirani, na alilitumia kutafutia vitu vilivyopotea na hazina zilizozikwa. Mwaka 1826, akiwa ameajiriwa na Josiah Stowell kutafuta fedha ya Wahispania iliyodhaniwa kufukiwa, alifikishwa mbele ya hakimu wa South Bainbridge. Hati ya gharama za hakimu huyo, Albert Neely, ilipatikana mwaka 1971: imeandikwa jina la Joseph Smith, likifuatwa na maneno yanayomaanisha mtazama kioo, kosa dogo, na gharama ya dola 2.68. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa kazi hiyo. Ni ramli, na mteja wake ni yule yule tunayemfahamu, aliyepoteza mali na yuko tayari kulipa.

Jiwe hilo hilo, kwa ushuhuda wa Emma mwenyewe na wa David Whitmer, mmoja wa mashahidi watatu wa mabamba, ndilo lililotumika kuandika Kitabu cha Mormoni: Smith aliliweka ndani ya kofia, akazamisha uso wake humo kuzuia mwanga, akatamka maneno huku karani akiandika. Mabamba yalikuwa yamefunikwa kitambaa, au hayapo kabisa mezani. Katika michoro ya madarasa ya Jumapili kwa vizazi vingi, kijana ameinama juu ya mabamba akifuatisha mistari kwa kidole. Agosti 2015 kanisa lilichapisha picha ya jiwe, pamoja na kifuko chake cha ngozi. Lilikuwa limehifadhiwa na kanisa muda wote huo. Mtu wa miaka sitini aliyewahi kumwambia mwanawe kwamba habari za kofia ni uzushi wa maadui aliitazama picha ile, na sidhani kwamba aliumizwa na jiwe.

Mitala nayo, kwetu, si neno la kumtikisa mtu. Nusu ya wasomaji wangu wana babu mwenye wake zaidi ya mmoja, na aliyewaoa aliwaoa mchana kweupe. Ya Nauvoo, Illinois, mji wa Wamormoni wa wakati ule, hayakuwa ya mchana. Kanisa lilikubali mwaka 2014 kwamba wanawake waliofungishwa ndoa na Smith wanakadiriwa kuwa kati ya 30 na 40, kwamba baadhi walikuwa na waume zao hai, na kwamba mdogo kuliko wote, Helen Mar Kimball, alikuwa bado hajatimiza miaka 15. Mwishoni mwa Mei 1844 Smith alisimama mbele ya watu akalalamika kwamba anasingiziwa kuwa na wake saba ilhali yeye anamwona mmoja tu. Siku chache baadaye, tarehe 7 Juni, William Law, aliyekuwa mshauri wake katika Urais wa Kwanza, uongozi wa juu kabisa wa kanisa, alitoa na wenzake gazeti la Nauvoo Expositor lililoyaeleza mambo hayo. Lilitoka toleo moja. Tarehe 10 Juni baraza la mji, Smith akiwa meya, liliagiza mtambo wa kuchapishia uvunjwe. Amri hiyo ndiyo iliyomfikisha jela ya Carthage, ambako yeye na kaka yake Hyrum waliuawa na genge la watu tarehe 27 Juni. Mauaji yale yalikuwa uhalifu, na Wamormoni walikwisha kuteswa vibaya huko Missouri kabla ya hapo. Lakini anayefundishwa habari za mfia dini bila kuambiwa gazeti lile lilisema nini, na kwamba lilisema kweli katika jambo kubwa, amepewa nusu ya habari iliyo na kazi maalumu.

Kwa miaka mingi nusu hiyo ilikuwa sera. Fawn Brodie, mpwa wa David O. McKay aliyekuja kuwa Rais wa Kanisa, alitengwa mwaka 1946 baada ya kuandika wasifu wa Joseph Smith. Mwaka 1981 mtume Boyd K. Packer aliwaambia walimu wa dini kwamba baadhi ya mambo yaliyo kweli hayana manufaa sana. Septemba 1993 wanazuoni na waandishi sita waliadhibiwa, watano wakafukuzwa. Kisha ikaja intaneti. Nchini Sweden, Hans Mattsson, aliyewahi kusimamia kanisa katika sehemu ya Ulaya, alipeleka juu maswali aliyoulizwa na waumini asipate majibu ya kutosha, na Novemba 2010 mwanahistoria wa kanisa na mwenzake wakasafiri hadi huko kukutana na kundi la waumini waliotikisika. Zile makala rasmi za 2013 hadi 2015 zilitoka katika hali hiyo. Zimeandikwa kwa uangalifu, na hazina jina la mwandishi. Ninawaheshimu wanaozisoma na kubaki, kama Richard Bushman, mwanahistoria muumini aliyeyaandika mengi ya haya bila kuficha na hajaondoka. Imani yake, hata hivyo, si ile inayopandwa kwa vijana wa misioni katika vikao vyao vya kwanza.

Kwa Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali kama yanavyoonekana. Kitabu cha Mormoni kimechapishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, na Mei 2025 hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu. Anayebatizwa leo huko hupewa habari fupi: kijana, msitu, mabamba, risasi za Carthage. Yanayomhusu yeye mwenyewe kama Mwafrika huyakuta baadaye. Joseph Smith aliishi wakati ambapo Elijah Abel, mtu mweusi, aliwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa mwaka 1836. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyeshika uongozi baada ya Smith, alitangaza kwamba watu weusi wenye asili ya Afrika hawawezi kupewa ukuhani. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyesafiri mwaka 1843 kwenda Nauvoo, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, na aliyefanya kazi nyumbani kwa Smith, aliomba kwa miaka mingi ruhusa ya ibada za hekalu. Alikataliwa. Mwaka 1894 wakafanya ibada ya kumwunganisha na Joseph Smith milele kama mtumishi wake, na hata hiyo hakuruhusiwa kuwamo. Mwingine alisimama kwa niaba yake. Zuio lilidumu hadi Juni 1978.

Mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko ya kanisa hilo, kuna matamko rasmi mawili. La kwanza, la mwaka 1890, lilianza kukomesha mitala, nalo limeambatanishwa na maneno ya Wilford Woodruff, Rais wa Kanisa wa wakati huo, kwamba Bwana hatamruhusu kamwe Rais wa Kanisa kuwapotosha watu. Ukifungua mbele kidogo unafika la pili, la mwaka 1978, linaloondoa zuio la miaka 126. Katika toleo la 2013 tamko hilo la pili liliongezewa utangulizi mfupi unaosema kwamba kumbukumbu za kanisa hazitoi maelezo ya wazi kuhusu chimbuko la desturi hiyo. Desemba ya mwaka ule ule, makala ya kanisa lile lile ikamtaja Brigham Young kwa jina, pamoja na mwaka wa 1852.